Kutembea na Mama Mkwe

Kabla ya operesheni nilishindwa hata kufika kwenye saluni yangu ya kunyoa, na iko hapahapa Nyakabiga, mitaa michache tu kutoka nyumbani. Nilitembea kidogo, shavu la mguu wa kushoto likabana kama limefungwa kamba. Nikisimama, linaachia. Nikiendelea, linabana tena. Nilikuwa najifanya natafuta ufunguo mfukoni ili majirani wasione.

Madaktari wakasema mshipa wa damu umeziba pajani. Walichukua kipande cha mshipa mwingine kutoka mwilini mwangu, wakaipitishia damu njia ya pembeni. Sigara niliziachia hukohuko hospitali.

Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini mama mmoja wa mazoezi ya viungo, ambaye wagonjwa wote tulimwita kine, aliniambia kazi ndiyo kwanza inaanza.

"Kila siku utatembea," alisema. "Ikiuma sana, simama. Ikiacha, endelea. Na usitembee peke yako, utembee na mutu."

Mtu huyo ndiye aliyekuwa shida. Mke wangu alishinda sokoni, watoto wako masomoni. Nyumbani nilibaki na mama mkwe wangu, aliyetoka Ruziba kuja kutusaidia. Miaka yote ya ndoa, mimi na yeye tulikuwa hatujapita salamu. Nimelelewa kumheshimu mama wa mke wangu kwa kumpisha: akiingia sebuleni, mimi natoka. Sasa mke wangu akatamka, huku anakunja nguo, bila kumtazama yeyote kati yetu: "Mama atatembea na we."

Mwanzoni alinifuata kwa nyuma, kimya. Mguu ulipouma niliegemea ukuta wa duka, jasho linanitoka, na wanawake waliokaa kwenye baraza ya jirani wakanyamaza kutuangalia. Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo mama mkwe akanisogelea, akasimama ubavuni pangu.

"Mukwe wangu," akasema taratibu, "waache waangalie. Ungekufa wangekuja wengi kuliko hawa."

Nilicheka mpaka mshono ukauma. Tangu siku hiyo tulitembea sambamba.

Mtu anayetembea na wewe kila siku, tena mnasimama-simama njiani, mwishowe mtaongea tu. Alinisimulia mume wake, aliyefariki kabla sijaingia kwenye ukoo wao, jinsi alivyopenda kuimba akilima. Asubuhi moja aliniambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba hakunitaka.

"Nilitaka mutu wa biro, wa kukaa kwenye meza na karatasi. We ulikuwa unanyoa watu."

"Na sasa, Mama?"

"Sasa natembea na we," akajibu.

Nililiwaza jibu hilo siku nyingi. Halikuwa sifa, wala halikuwa msamaha. Lakini lilinitosha.

Mguu ukaanza kupata nguvu. Tukafika mbali zaidi. Hapo nikaona kwamba yeye ndiye anayetusimamisha. Mara atazame vitenge, mara aulize bei ya chumvi ambayo hanunui. Asubuhi moja akasimama mbele ya duka lililofungwa, akawa anautazama mlango. Nikamwona ameuinua mguu mmoja kidogo, mkono umeshika shavu la mguu.

"Mama, inauma?"

"Apana. Ni uzee tu."

"Inauma ukitembea, ukisimama inaacha?"

Alinigeukia. Kwa mara ya kwanza niliona hofu usoni pake. "Umejuaje?"

Alikuwa ameficha maumivu hayo tangu Ruziba. Aliogopa kukatwa mguu. Na baadaye, alisema, aliogopa kwamba akilala yeye, mimi sitakuwa na mtu wa kutembea naye. Nilimshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kufanya, tukarudi nyumbani polepole.

Mke wangu na mimi tulimpeleka hospitali kule Kamenge. Daktari alimpima miguu yote miwili, akasema mishipa imekuwa myembamba ila haijaziba. Hakuna kukatwa, wala operesheni. Atameza dawa, na atembee.

"Kutembea tu?" akauliza.

"Kutembea, Mama. Kila siku," daktari akajibu.

Akaniangalia, midomo ikamcheza.

Tuliendelea hivyo mpaka mvua zikaisha, wagonjwa wawili sasa, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Kisha akarudi kwake, maana shamba lilikuwa linamwita. Jumapili huwa naenda Ruziba, na tunashuka pamoja hadi ziwani. Ananipita siku nyingine. Mimi bado nikipanda kilima haraka mguu unanikumbusha, lakini nafika. Saluni nimefungua tena, na mteja akiingia huwa natazama kwanza anavyotembea, ndipo namuuliza anataka kunyolewa vipi.