Mwigizaji Aliyekataa Kufa

Ijumaa asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha basi Braamfontein, hapa Johannesburg, simu yangu ikalia. Alikuwa fundi cherehani mmoja Mkongo, mwenye duka katikati ya jiji, rafiki yetu wa miaka mingi. "Kaka," akaniambia, "Marehemu amekufa." Nikamjibu kama tulivyozoea kujibizana, "Kwenye filamu gani tena?" Sauti ya fundi ikashuka. "Hapana, kaka. Hii ni ya kweli. Amefia kwake Randburg, kitandani, mke wake kamshika mkono. Watamzika leo baada ya swala." Basi langu lilifika, likafungua milango, likaondoka bila mimi.

Lazima niwaeleze wasomaji jina hilo, maana si kila siku mtu mzima, mrefu, mwenye kifua kama mlango, huitwa Marehemu naye akaitika kwa furaha. Yule bwana alikuwa mwigizaji wa filamu, tena wa zile filamu kubwa za Wamarekani ambazo zinaonyeshwa duniani kote. Wengi wenu mmemwona bila kujua kwamba ni mtu wa Tanga. Kabla hajapata umaarufu alifanya kazi moja tu mbele ya kamera, nayo ni kufa. Alikufa kwa risasi, kwa mshale, kwa mafuriko, na kuna mahali aliliwa na mnyama ambaye mpaka leo sijajua ni mnyama gani. Watu wetu hapa Johannesburg, Watanzania kwa Wakongo, Wakenya kwa Warundi, wakakaa mbele ya televisheni wakibishana kama safari hii atafika nusu ya filamu. Hakufika hata mara moja. Ndipo wakambatiza jina.

Nilimjua kabla ya jina hilo. Nilikuwa natafsiri nyaraka katika ofisi moja ya ghorofa huko Randburg, naye alikuwa mlinzi wa getini, kijana mwenye sare ya buluu iliyombana mabegani. Tulisalimiana kwa Kiswahili asubuhi, na salamu za watu wa Tanga mnazijua, haziishi mpaka umeulizwa habari za watu ambao hujawahi kuwaona. Siku moja likaja kundi la watu wa filamu kutoka ng'ambo. Walitaka kupiga tukio la ujambazi kwenye ukumbi wetu wa chini, na ndani ya tukio hilo palikuwa na mlinzi anayepigwa risasi. Mwigizaji waliyemwajiri hakutokea. Mwongozaji, mzee mwenye kofia, akatazama saa, akatazama mlango, halafu akamtazama rafiki yangu kuanzia kofia mpaka viatu. Sare alikuwa nayo tayari. "Unaweza kuanguka?" akamuuliza. Rafiki yangu akacheka. Alikuwa golikipa huko Tanga, na golikipa ameanguka maisha yake yote. Bunduki ya bandia ikalia, akaruka pembeni, mwili ukanyooka hewani kama anaufuata mpira, akaanguka kwenye vigae kwa kishindo mpaka karani wetu wa mapokezi akapiga yowe la kweli. Mzee wa kofia akasimama akapiga makofi.

Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye kazi hiyo. Jiji hili lina mitaa inayoweza kuvishwa sura ya mji wowote wa Afrika, na kampuni za nje hulipenda kwa sababu hiyo. Kila kampuni iliyokuja ikaambiwa kuna mtu anayejua kuanguka. Aliacha ulinzi. Alimwoa msusi mmoja Mkongo wa Bukavu, mwanamke mwenye ulimi mkali na mikono myepesi, mwenye kibanda cha kusukia nywele karibu na stendi za teksi mjini. Wakapata binti. Maisha yakaenda. Alikuwa akirudi nyumbani na damu ya rangi kwenye kola, mkewe akilalamika kwamba haitoki kwa sabuni.

Kisha ikatokea siku ambayo mwenyewe alinisimulia mara nyingi, kila mara akitazama chini. Alikuwa anapanda ngazi za jengo walilopanga, akasikia watoto wanacheza koridoni. Mmoja aliinua kidole akapiga kelele za bunduki, na binti yake, mtoto mdogo ambaye alikuwa hata hajaanza shule, akaruka pembeni, akaanguka, akalala macho wazi hapepesi. Wenzake wakamshangilia. Baba akamwinua, akamuuliza mchezo gani huo. Mtoto akamjibu kwa Kizulu, kama watoto wa hapa wanavyotujibu, kwamba anacheza kazi ya baba. Halafu akamuuliza jambo alilokuwa analiwaza, ni wazi, siku nyingi: "Baba, kwa nini sisi ndio tunakufa?"

Wiki hiyohiyo aliitwa kwenye filamu kubwa kuliko zote alizowahi kuitiwa. Alipewa nafasi ya dereva anayemwongoza Mmarekani mmoja kupita nchi yenye vita. Dereva ana maneno ya kusema, ana mke, ana mzaha, na katikati ya filamu anauawa darajani ili yule Mmarekani ahuzunike. Rafiki yangu aliyasoma yale maandishi usiku mmoja, asubuhi akaenda kwa mwongozaji, mbele ya watu wote waliokuwa wakipanga taa. "Nitamcheza," akasema, "ila avuke daraja." Mwongozaji akadhani ni utani. Alipoona si utani akamwambia kwa upole kwamba kifo kile ndicho moyo wa hadithi. "Basi naomba umtafute mwingine," rafiki yangu akasema, "mimi nimekufa vya kutosha." Akavua koti la dereva, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akatoka.

Eish, maneno yaliyosemwa mjini wiki ile! Wafanyabiashara wa Kitanzania walimwita mjinga waziwazi. "We bwana, umepewa tonge liko mdomoni unalitema?" mmoja alimwambia mbele yangu. "Kufa kwenyewe kwa uongo!" Na kazi zikakauka kweli. Habari zilienea kwamba yule Mtanzania ana kiburi, simu yake ikanyamaza, miezi ikapita, mwaka ukapita. Nilikuwepo kwao jioni aliyomweleza mkewe kwamba hata kampuni ya mwisho imemkataa. Mama yule alikuwa ameketi anakunja vidole vyake vilivyokakamaa kwa kusuka kutwa. "Banakulipa ufe, na weye unakatala," akasema kwa Kiswahili cha kwao, akitikisa kichwa. Nikangoja ugomvi. Mume akamsimulia habari ya mtoto koridoni, jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Mama akamtazama binti yao aliyelala kwenye kochi, kisha akainuka akaenda jikoni. Alirudi na sahani ya ugali na sombe, kisamvu cha kwao, akaiweka mbele ya mumewe. "Kula," akasema. "Hautakufa tena. Miye nitasuka."

Akasuka. Akaanza kufungua kibanda mapema zaidi, akachukua wateja wa Jumapili baada ya kanisa, na mume akawa anapika, anampeleka mtoto shule, anafagia nywele kibandani. Wapita njia waliomtambua walimzomea, "Marehemu, umefufuka?" Naye akawajibu, "Bado najaribu."

Sasa sikieni jinsi mambo yalivyogeuka. Siku ile alipokunja koti la dereva, pembeni ya kamera alisimama dada mmoja Mmarekani mweusi, msaidizi wa mwongozaji, aliyekuwa na kazi ya kuita watu kwa zamu. Akaendelea kuita majina. Lakini miaka ilipopita naye akapewa filamu yake ya kuongoza, alikuwa na mhusika mmoja, mzee anayewavusha watu mpakani wakati wa vita na mwishowe anarudi kwake kwa miguu yake. Wakamletea majina makubwa. Akayaweka kando. Alipiga simu Johannesburg mpaka akampata mtu wake akiwa kibandani ameshika ufagio. Maneno ya simu ile mke alikuwa akituigizia kila sherehe: "Nina mtu ambaye hafi. Unaweza kumcheza?" Na mume, kwa Kiingereza chake cha getini, "Dada, huyo nimemfanyia mazoezi muda mrefu."

Akaenda Hollywood. Huko walimpa mwalimu wa matamshi amfundishe kuzungumza kama Mwafrika, kwa sababu lafudhi yake, walisema, haisikiki vya kutosha kuwa ya Kiafrika. Alikaa darasani kwa adabu, akarudia kila alichoambiwa, na mwisho wa somo akauliza, "Samahani mwalimu, lafudhi hii ni ya wapi?" Mwalimu akamjibu kwamba ni ya Afrika kwa jumla. "Ahaa," akasema mtu wa Tanga, "huko sijawahi kufika." Dada mwongozaji alipoisikia alicheka mpaka akakaa chini, na somo likafutwa. Aliachwa aseme kama anavyosema.

Filamu ilipofika Johannesburg tuliujaza ukumbi wa sinema wa Randburg. Kulikuwa na kwaya nzima ya Wakongo wamevaa vitenge vya sare, Wazanzibari wauza nguo na viatu, wanafunzi wa Kikenya kutoka chuo cha Braamfontein, na wenyeji wachache waliokuja kuangalia sinema yao kwa amani, masikini. Mke wake alikaa katikati, binti, sasa msichana mkubwa, ubavuni pake. Ikafika sehemu ambayo mzee yule amewavusha wote na amebaki peke yake upande wa hatari, askari wanakuja. Sote tuliijua sehemu hiyo. Tulikuwa tumeiona mara zisizo na idadi. Mtu nyuma yangu akaanza kusema "Innalillahi." Mama mmoja wa kwaya akashindwa kuvumilia, akapiga kelele, "Kimbia, baba! Kimbia!" Mzee hakukimbia. Alijilaza kwenye majani, bila kutikisika, askari wakapita, akainuka. Akapangusa magoti. Akaanza kutembea, akatembea, akafika kwake, akafungua mlango, na taa za ukumbi zikawaka akiwa hai.

Sijawahi kusikia kelele kama ile ndani ya nyumba. Vigelegele, takbiri, haleluya, yote kwa pamoja. Watu walikumbatiana na wasiowajua. Mlinzi wa ukumbi alikuja mbio na tochi akidhani pana moto, na mzee mmoja Mzulu aliyekuwa jirani yangu akamwambia, huku anafuta macho, kwamba hakuna neno, ni mtu wao ametoka mzima. Mke alikuwa amesimama juu ya kiti, mikono hewani, anaita, "Ametoka! Mwaona? Ametoka!"

Baada ya hapo mnajua yaliyobaki: tuzo, majalada ya magazeti, filamu juu ya filamu, nyumba mlimani huko Los Angeles yenye bwawa ambamo mkewe alikataa kuoga kwa sababu maji yake hayana mawimbi wala samaki. Alitajirika, na sitauficha utajiri wake kana kwamba ni aibu, kwani aliufurahia. Alipenda magari, alipenda suti, alimjengea mama yake Tanga nyumba ya ghorofa ambamo bibi yule alikaa chini tu, juu akaanika mahindi. Lakini uzeeni walirudi Randburg, wakapanda matembele na mchicha mahali pa nyasi, na alinunua ghala moja bovu mjini akaligeuza chuo cha uigizaji, ambapo mtu haulizwi anatoka nchi gani.

Nilimtembelea kazini mara moja, walipokuwa wakipiga filamu hapa. Wakati wa chakula niliona foleni moja. Kwa kawaida waigizaji wakubwa hula kwenye hema lao, na wale watu wa umati, wanaopita tu nyuma ya waigizaji, hupewa mkate na chai kwingine. Yeye aliweka sharti kwenye kila mkataba wake kwamba chungu ni kimoja. Mtayarishaji alilalamika gharama, naye akamwambia, "Toa kwenye fungu langu." Alisimama na sahani yake nyuma ya wanawake wa mtaani waliovaa kama wakimbizi, akiwauliza habari za watoto.

Siku ya maziko wanawake hao walikuja. Walisimama nje ya makaburi pamoja na kwaya ya Wakongo, ambayo kwa kuheshimu dini yake haikuimba mpaka sisi tuliozika tulipotoka. Kisha wakaimba barabarani, wazi, na magari yaliyosimama kwenye roboti, taa za barabarani, yakazima muziki wao.

Watu wengi wiki hii wamesifu ujasiri wake wa kusema hapana. Ni kweli, nami nausifu. Sisi wageni wa jiji hili tumezoea kupangiwa nafasi zetu, wewe mlinzi, wewe msusi, wewe wa kufukuzwa mambo yakiharibika, na mara nyingi tunashukuru kwa kupangiwa. Tunaambiana kwamba mvumilivu hula mbivu. Lakini nimekaa msibani siku kadhaa, nimemtazama yule mama wa Bukavu akipokea rambirambi za mawaziri na za wauza mboga kwa uso uleule, na nimeona kwamba hapana moja ya mtu mmoja haiwezi kusimama peke yake. Inahitaji mtu wa kuilisha mpaka ikomae. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisikia jirani yako amekataa kazi inayomdhalilisha, na mji mzima unamwita mjinga, usingoje kuona kama atafaulu ndipo umpigie makofi. Muda huo sinema itakuwa imejaa, hatakuhitaji. Mpelekee sahani leo.