Dawa ya Ng'ombe na Mbwa wa Baba Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja huko Machochwe, mwanangu, nilipokaribia kumuua mbwa wa baba mkwe kwa sababu ya kupenda usafi. Imenijia leo baada ya wewe kunipigia simu kutoka Tarime mjini, ukasema umepewa mbwa mdogo, ana kupe masikioni, na jirani amekushauri umpake dawa ya ng'ombe kidogo tu. Hilo neno "kidogo tu" lilinichekesha, kisha likanikalisha chini. Usimpake chochote mpaka umalize kusoma.

Nilikuwa na miezi mitatu tu tangu niolewe na Marwa. Kwa baba yangu, kule Nyangoto, hatukufuga mbwa, lakini Machochwe ni pembezoni mwa hifadhi, na fisi walifika mpaka kwenye ua wa zizi. Kila boma lilikuwa na mbwa. Wa kwetu aliitwa Bwana Afya. Jina hilo alipewa na baba mkwe, Mzee Nyamhanga, kwa sababu kila asubuhi alizunguka nyumba za majirani kukagua sufuria, na hakuna jiko alilolipita bila kuingia. Alikuwa na rangi ya majivu na sikio moja lililochanwa na fisi. Mzee alikuwa mtu wa maneno machache, lakini na mbwa huyo aliongea kutwa nzima. Walikaa pamoja nje, mmoja akieleza habari za mvua, mwingine akisikiliza.

Mimi na mzee hatukuongea. Unajua heshima ya wakwe ilivyo kwetu, ingawa ninyi mmeilegeza. Nyumbani pale ilishikwa sawasawa: baba mkwe hatazamani na mke wa mwanawe, hawasogeleani, hawapeani kitu mkononi. Nilimwamkia kwa mbali, macho chini, naye akaitikia akitazama kwingine. Jambo lolote zaidi ya hapo lilipitia kwa mama mkwe.

Asubuhi hiyo mama mkwe alikuwa ameondoka kwenda gulioni Mugumu, na Marwa alikuwa malishoni. Bwana Afya alirudi kutoka kwenye ukaguzi wake akalala mlangoni pangu. Nikaona kupe masikioni mwake, wamevimba kama punje za maharage. Nikasema huyu ndiye anayeingia kila jiko la kijiji, leo ataingia akiwa safi.

Jana yake Marwa alikuwa amewanyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, na iliyobaki ilikuwa kwenye ndoo kando ya zizi. Niliitazama nikaona imepoa na imefifia. Nikaongeza vifuniko viwili kutoka kwenye chupa, nikachovya tambara, nikamsugua kuanzia masikioni mpaka mkiani. Naye alitulia akidhani anabembelezwa. Nilipomaliza nilisimama kumtazama nikajiona nimeolewa vizuri.

Mbwa akaanza kujilamba. Alijilamba miguu, tumbo, mgongo mpaka alipoweza kufika. Sikumzuia. Nilikuwa bado nasuuza tambara alipoanza kutokwa mate mengi, kisha akatetemeka, kisha miguu ya nyuma ikapishana kama ya mtu aliyetoka kilabuni.

Mzee alikuwa upande wa pili wa ua wa zizi, akichonga mpini wa jembe. Nilisikia tezo lake, tok, tok. Yeye ndiye aliyejua mbwa kuliko mtu yeyote kijijini. Nikikimbilia kwake, nimevunja heshima ya nyumba kabla sijamaliza hata mwaka. Nikingoja mama mkwe arudi, mbwa amekufa, na jina langu Machochwe litakuwa ni yule aliyeua mbwa wa mkwe wake. Nilimtazama Bwana Afya, naye akanitazama, macho yamejaa maji. Nikapiga magoti karibu na ua nikapaza sauti.

"Bwana Afya, mwambie baba kwamba nimekupaka dawa ya ng'ombe."

Tezo likanyamaza. Kisha sauti ikatoka ng'ambo ya ua, taratibu kabisa.

"Bwana Afya, muulize mke wa Marwa, umejilamba?"

"Bwana Afya, mjibu baba kwamba umejilamba sana."

"Basi mwambie alete maji mengi na sabuni ya kufulia. Na avae mifuko ya nailoni mikononi. Hiyo dawa haibagui, itampata na yeye."

Nilimwaga maji ya nyumba nzima siku ile. Mzee alisimama akiwa amenigeuzia mgongo, akiuelekeza uso kwenye vilima vya hifadhi, na kila agizo likapitia kwa mgonjwa. Amwambie asuuze mpaka povu liishe, kisha arudie. Amwambie amfunge gunia safi asijilambe tena, amlaze kivulini. Nilipomwambia Bwana Afya namletea maziwa, kwa kuwa nilisikia maziwa huondoa sumu, mzee akasema, bado akitazama vilima, "Bwana Afya, mwambie asikunyweshe kitu. Unatetemeka hivyo, utapaliwa." Kisha akaiokota ile chupa ya dawa, akaifunga kwenye kitambaa, akapanda baiskeli kumfuata bwana mifugo wa kata.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki. Alisoma chupa kwanza, akampima mbwa, akamchoma sindano. Alituuliza nani alimpaka, saa ngapi, kiasi gani, na kila alipouliza mimi nilimjibu mbwa, na mzee akamjibu mbwa. Yule bwana alikuwa mgeni mkoani kwetu. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akakuna kichwa, mwishowe naye akamwinamia mbwa.

"Bwana Afya," akasema, "waambie wenyeji wako kuoshwa upesi ndiko kumekuokoa. Na mimi naomba maji ya kunawa."

Nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya nyumba. Nikiwa huko nikamsikia mzee naye akicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kukisikia kicheko chake.

Jioni mbwa alikunywa maji. Mama mkwe aliporudi na kusimuliwa, alikaa juu ya kapu lake la ndizi kwa kucheka, na ndizi zikaharibika. Kabla ya kuingia ndani, mzee alipita mbali na mlango wangu, mbwa akijikongoja nyuma yake, akatoa karipio lake. Nalishika mpaka leo.

"Bwana Afya, mwambie mke wa Marwa wewe si ndama. Ng'ombe ni mzigo wa watu sita, wewe uzito wako ni ndoo moja ya maji. Tena mwambie kukupaka ni kutojua tu. Angenyamaza, hilo ndilo lingekuwa kosa."

Tangu siku hiyo tulikuwa na njia yetu ya kuongea. Kila siku mzee alimwagiza Bwana Afya aniambie jambo, na yote ninayojua kuhusu mbwa niliyapata hivyo. Siku aliponiona nikimtupia mabaki yenye vitunguu, Bwana Afya aliambiwa vitunguu humla damu polepole. Niliposahau chombo chake cha maji kikauka mchana wa jua, aliambiwa aniulize kama mimi ningeweza kulinda mbuzi kwa koo kavu. Na tulipochinja kwa ajili ya wageni, kijana mmoja akataka kumrushia mbwa ini lililojaa malengelenge. Mzee aliinuka mwenyewe akalichukua, akalichimbia chini sana. Alisema mbwa akila vile hupata minyoo, kisha hutuletea sisi kwa kutulamba mikono.

Kwa hiyo, mwanangu, mtoto wako wa mbwa mfanyie hivi. Kupe wang'oe kwa mkono, umevaa nailoni, ukimshika kila mmoja karibu kabisa na ngozi na kumvuta taratibu bila kumminya. Angalia ndani ya masikio na katikati ya vidole, maana ndiko wanakojificha. Dawa ya kupe ya mbwa ipo, nenda duka la mifugo uulize ya umri wake na uzito wake, na wakikuuliza uzito usikisie, simama naye juu ya mizani kisha utoe uzito wako wewe. Mpe ugali na dagaa waliochemshwa bila chumvi, kwa chombo chake mwenyewe. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika kama vioo tumboni. Dawa ya minyoo atapewa na bwana mifugo. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa ikitangazwa, uwe wa kwanza kwenye foleni, na kila mwaka urudi. Watoto wakicheza naye wanawe kabla ya kula. Na mbwa yeyote akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja kuona mbwa atakuwaje.

Ukikosea, sema mapema. Sema kwa yeyote anayejua, hata kama mila inakufunga mdomo. Njia ya heshima ya kusema haikosekani. Mimi niliipata kwa mbwa anayetokwa mate.

Bwana Afya aliishi miaka mingi baada ya hapo, akazeeka, akawa anakagua jiko langu tu. Alikufa usingizini, kwenye jua la asubuhi, mlangoni pangu. Mzee alikuja, akasimama mbali kama kawaida, lakini safari hii hakutazama vilima.

"Mke wa Marwa," akaniambia mimi, "sasa tutaongea kupitia nani?"

Kesho yake alfajiri nilikuta kapu limewekwa nje ya mlango, limefunikwa koti lake kuukuu, na ndani yake mtoto wa mbwa analia. Ng'ambo ya ua nikasikia akikohoa, akingoja nimtume mtoto yule salamu ya kwanza.

Huyo uliyepewa naye akuletee watu wa kuongea nao, mwanangu. Mungu akupe mlango ambao mbwa hulala mbele yake bila hofu, maji yasiyokauka katika chombo chake, na mkwe atakayecheka akikusikia.