Povu Kwenye Bomba la Gesi

Mjukuu wangu akibadilisha mtungi jikoni, harufu ya gesi hunirudisha kwenye nyumba ya magurudumu ya mzungu mtafuta dhahabu, iliyokokotwa na gari hadi porini kwetu. Baridi ya kipupwe ilimtesa, akamwita baba, fundi bomba, amvutie gesi kwa bomba kutoka mtungini hadi kwenye hita. Mimi nilikuwa nimempelekea baba viazi.

Baba alilikunja bomba la shaba taratibu juu ya goti, akaliunga. Mzungu akatoa kiberiti.

“Washa hapo kwenye maungio, tuone kama inavuja.”

“Hapana, bwana.”

“Nitakufukuza leo hii!”

“Nifukuze, lakini moto siwashi. Binti yangu yumo humu, nawe umo, na wote ni wa Mungu.”

Akaomba maji, akakoroga kipande cha sabuni ya kufulia.

Mzungu akacheka. “Fundi anataka kunifulia bomba!”

Baba alipaka povu, akafungua gesi kidogo. Mapovu yakavimba kwenye maungio, moja, mawili, kisha mengi. Mzungu akainama kuyatazama, kiberiti mkononi.

Baba akafunga gesi, akashika spana. “Kirudishe mfukoni kwanza, bwana, ndipo nikaze.”

Hakukaza mpaka kilipoingia mfukoni.