Alichokisema Shangazi Kheiria kwenye Televisheni ya China

Kila Idi, baada ya chakula cha mchana na kabla halua haijazungushwa, shangazi yangu Kheiria huwasha televisheni ya ukumbini kwake Mabela, hapa Maskati, na kuchomeka flashi. Wageni wa zamani wanajua kinachokuja. Wageni wapya huambiwa watulie waone, maana zamani yeye alikuwa mtu wa maana.

Kinachoonekana ni dakika nne za kipindi cha televisheni ya mji mmoja wa kusini mwa China. Shangazi, mwembamba kuliko sasa, amevaa mtandio wa buluu na anakata vitunguu katika jiko dogo. Halafu anakaa kitini, anaitazama kamera. "Mimi naitwa Kheiria," anasema kwa Kiswahili, "na leo naomba..." Hapo sauti yake inazama, na juu yake inakuja sauti ya mwanamke mwingine, ya Kichina, nzito kidogo na ya upole. Midomo ya Shangazi inaendelea kwenda. Mwishoni anafuta machozi kwa ncha ya mtandio, muziki unapanda, na wazee wa mtaa wanaonekana wakicheza uwanjani asubuhi.

"Huyo ni Bi Liu," Shangazi huwaambia wageni. "Ananisemea."

Alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati na wazazi wake akiwa na miaka kumi na miwili, akaolewa na Marhoon, muuza vipuri vya magari. Watoto walipokuwa wakubwa Marhoon aliona ni upuuzi kungoja mzigo Maskati wakati angeweza kukaa mlangoni kwa kiwanda. Wakahamia China mwaka 2004. Shangazi alikuwa hajui hata neno moja la huko, na wiki ya kwanza hakutoka ndani. Wiki ya pili alishuka na lifti kutupa taka, na mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe na fungu la majani ya vitunguu mkononi akamtazama mtandio, akamtazama usoni, kisha akamuuliza kwa Kiswahili, "Umekula, bibi?"

Bi Liu alikuwa mkalimani wa madaktari wa Kichina Pemba alipokuwa msichana. Kiswahili alifundishwa na wauguzi wa Wete, na kilikuwa bado kiko vilevile alivyokiacha, kama nguo iliyokunjwa sandukuni. Akamwita Shangazi "shoga", kama marafiki wa kike wa Pemba waitanavyo, tangu siku ile. Kwa hiyo Shangazi hakujifunza Kichina zaidi ya bei za mboga. Alikuwa na Bi Liu.

Tulipokuwa wadogo, mimi na binamu zangu, tulimuuliza mambo ya kijinga, kama kweli wanakula paka. Alitukemea. Akatueleza mambo ambayo hayakuwa kwenye habari: kwamba majirani huning'iniza suruali zao kwenye vyuma vya madirisha, ukijua suruali unajua nani yuko nyumbani; kwamba watu wasiokujua watakuuliza una kilo ngapi na unalipa kodi ya nyumba kiasi gani, wala hawana nia mbaya; kwamba kila mzee ana chupa yake ya maji ya moto na ukilalamika kichwa kinakuuma, hata mguu, utaambiwa unywe maji ya moto. Jioni alikaa kwa Bi Liu wakitazama tamthilia za wafalme wa kale. Bi Liu alimfasiria kila kitu, nani kampa nani sumu, nani mtoto wa nani. Shangazi akirudi likizo Maskati alitusimulia sisi, sehemu baada ya sehemu. Nadhani nilikwenda kusoma Kichina kwa sababu ya tamthilia zile.

Marhoon alifariki huko mwaka 2011, ghafla, akiwa kazini. Akazikwa kwenye makaburi ya Waislamu nje kidogo ya mji. Shangazi alikwenda kila Ijumaa, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Miaka mitatu baadaye alikuja Maskati kwa harusi ya mwanawe Taimur, akakaa miezi mitatu. Aliporudi China alikuta uwanja wa makaburi umechimbwa na vijiti vya kupimia barabara vimesimikwa. Tangazo lilikuwa limebandikwa getini, ndugu waje kutia saini makaburi yahamishwe. Bi Liu naye hakuwepo, alikuwa kwa bintiye akitibiwa macho. Makaburi yaliyosainiwa yalihamishwa kwa majina. Yasiyosainiwa yalihamishwa kwa namba, na hakuna aliyejua namba ya Marhoon ni ipi.

Alizunguka ofisi mwaka mzima, Bi Liu akimfasiria. Halafu watu wa televisheni wakaja mtaani, wanatafuta mgeni wa kuzungumza. Shangazi akakubali kwa sababu moja tu. Aliiambia kamera jina la mumewe, tarehe aliyozikwa, safu ya tatu karibu na ukuta, na akaomba yeyote aliyekuwepo siku ile ya kuchimba, dereva, mlinzi, mpita njia, amwambie walimpeleka wapi. Bi Liu ndiye aliyefasiri, na kwa kuwa televisheni haikuwa na mtu mwingine ajuaye Kiswahili, sauti yake ndiyo iliyotumika.

Mwaka uliofuata wanawe wakamrudisha Maskati. Tangu hapo, kila Idi, Bi Liu alituma salamu za sauti kwenye simu, na mwisho wake palikuwa na jibu lilelile: bado, shoga, lakini watu wengi walitazama. Shangazi alisikiliza mara mbili, akaweka simu chini, akachomeka flashi.

Idi ndogo ya mwaka huu nilikuwa nimerudi kutoka masomoni. Taimur akasema sasa tuna mtaalamu ndani ya nyumba, hebu Shahad atufasirie mstari kwa mstari. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu, nikasimama kando ya televisheni nikitazama zulia. Nikasikiliza.

Bi Liu alikuwa akisema: Nilipofika hapa sikujua lolote. Kwetu maisha ni magumu. Majirani wamenifundisha kila kitu. Mume wangu alifia hapa na mji huu ukamtunza hadi mwisho. Moyo wangu umetulia, sina ninachoomba.

Mstari huo wa mwisho ulikuja pale Shangazi anapofuta machozi.

"Amelisema la kaburi?" Shangazi aliniuliza. Ukumbi mzima ulikuwa unanitazama.

Nikasema, "Amelisema."

Sikulala vizuri siku nyingi baada ya hapo, lakini nilijiambia kwamba kungoja kwenyewe kunamfaa, kwamba mtu wa miaka sitini na miwili anayengoja bora kuliko anayejua. Nilijiambia na mengine. Kisha ikaja Idi kubwa, ikaja na ile bado ya Bi Liu, na Shangazi akatangaza mbele yetu sote kwamba amechoka na simu. Yeye na Taimur watakwenda China baada ya mwezi mmoja. Watakwenda kwenye kituo chenyewe cha televisheni kuuliza kama kuna mtu aliyepiga simu au kuandika baada ya kipindi. Taimur alikwishaomba viza.

Nikamwona akisimama kwenye kaunta ya kituo kile, anauliza jibu la swali ambalo halikuulizwa.

Jumanne asubuhi nilikwenda Mabela peke yangu. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwambia nimekuja kumfasiria upya, nikachomeka flashi mwenyewe, nikaisimamisha kila sentensi. Nilipofika kwenye moyo wangu umetulia, aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena bila kufasiri, akasikiliza sauti ya Bi Liu tu, kichwa kimeinama, kama mtu anayejaribu kuisikia kwa mara ya kwanza.

Kisha akapiga simu. China ilikuwa ni alasiri.

"Umekula, shoga?" Bi Liu alisema. Sauti ileile, imezeeka.

"Bi Liu, ulinisemea nini kwenye televisheni?"

Nilisikia redio kwa mbali.

"Nani kakufasiria?" Bi Liu akauliza.

Shangazi akafumba macho. Nafikiri lile ndilo lililomuumiza kuliko yaliyofuata, kwamba hakusema, nini tena, au, sikuelewi. Yaliyofuata Bi Liu aliyaeleza taratibu, kwa Kiswahili chake kizuri cha Wete. Kipindi kilikuwa cha kuusifu mtaa, ulikuwa unatimiza miaka kumi na mitano. Alikuwa ameambiwa mapema kwamba habari za makaburi hazimo, na maneno ya kusoma alipewa yakiwa yameandikwa. Angekataa, wangemtoa Shangazi asionekane kabisa. Akaona bora aonekane.

"Mimi sikuomba nionekane," Shangazi akasema.

"Najua."

"Ungenambia siku ileile. Tulikula pamoja usiku ule. Ulinipikia tambi."

"Ulikuwa umelia. Nilishindwa."

"Na miaka yote hii ya bado?"

"Hiyo haikuwa uwongo, Kheiria," akasema. "Ilikuwa bado."

Shangazi alikata simu bila kuaga. Akarudi kwenye sinia, akachambua mchele kidogo, akaacha.

"Na zile tamthilia," akasema, si kwangu hasa. "Sijui alinieleza au alinitungia."

Nikamwambia alimweleza, nyingine nimezitazama mwenyewe. Akanigeukia.

"Wee umelijua lini?"

Ningeweza kusema jana. "Idi ndogo," nikasema.

"Nlikuuliza mbele ya watu."

"Ndiyo, Shangazi."

Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Aliondoka, akarudi na daftari na kalamu, akaviweka juu ya meza mbele yangu, akaniambia niandike kwa Kichina atakayosema, bila kupunguza wala kupamba. Akayasema yote: jina la Marhoon na baba yake na babu yake, tarehe, safu ya tatu karibu na ukuta, swali lake. Niliandika kwa herufi kubwa. Nilipomaliza nilitaka kumsomea. Akakichana kikaratasi kutoka daftarini, akakikunja na kukitia mkobani.

"Nipeleke kwa Wachina wa vigae," akasema.

Kuna duka la vigae na vyoo huku huku Mabela, upande wa karakana, na msichana wa Kichina anayekaa kaunta anazungumza Kiarabu cha sokoni. Niliegesha gari mbele yake. Nilipofungua mlango nishuke, Shangazi akaweka mkono juu ya goti langu.

"Kaa wewe."

Nikakaa. Kupitia kioo nilimwona akimpa msichana kile kikaratasi. Msichana alikisoma, akasema neno, akaonyesha mstari kwa kidole, na Shangazi akawa anaitikia kwa kichwa kila jambo, moja moja, kama mtu anayepokea vitu vyake na kuvihakiki kabla ya kutia saini. Kisha akatoa simu yake na kuishika karibu na mdomo wa msichana. Wakakaa hivyo muda mrefu.

Aliporudi alifunga mkanda, akatazama mbele.

"Umeandika nilivyokwambia," akasema.

Nilianza kusema samahani. Akabonyeza simu, na gari likajaa sauti ya yule msichana, ikisoma swali lile polepole, silabi baada ya silabi, kama mtu anayemsomea mtoto. Shangazi akairudisha nyuma, akaifuatisha kwa sauti ndogo. Alikosea toni ya pili, pale sauti inapotakiwa kupanda. Nilikuwa najua alipokosea na namna ya kumsahihisha, nikaendesha gari.

Akairudisha nyuma tena.