Ng'ombe wa Mzee Simeoni Walivyopima Ekzosi Yangu

Mimi ndiye dereva pekee mkoa huu wa Singida aliyewahi kutolewa kwenye mashindano ya magari na ng'ombe.

Sijasema nilimgonga ng'ombe. Nimesema ng'ombe ndio walionitoa, tena wakanisindikiza.

Naitwa Mathayo, nakaa Mandewa. Wiki nzima nauza vipuri vya pikipiki, Jumapili najifanya dereva wa rali. Kagari kangu ni kadogo, ka zamani, na sailensa yake niliitoa matumbo yote nikabakiza bati.

Kwa nini? Kwa sababu gari likipiga kelele linakimbia zaidi. Hivyo ndivyo tulivyoamini kijiweni, na kijiweni kwetu hakuna anayefeli mtihani.

Klabu yetu inakimbizia magari Unyambwa, kwenye mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa. Mwaka jana tulifurahi kinoma. Wenyeji hawakufurahi. Mifugo ilivunja zizi, vichanga vililia, na padri alikatisha mahubiri.

Mwaka huu wakasema uwanja tutapewa, ila kila gari lipimwe sauti kwanza. Likizidi desibeli tisini na tano, lirudi mjini.

Aliyeongoza malalamiko ni mfugaji mmoja, Mzee Simeoni.

Baba yake Anastazia.

Anastazia ambaye nataka kumuoa. Yaani wazee wote waliojaa Unyambwa, mimi nikaenda kupenda binti wa huyo. Hongera zangu.

Nilipomtuma mshenga, mzee alimrudisha hata kabla hajakaa.

"Mwambie gari lake likipita kwenye kile kipimo, nitakusikiliza. Lisipopita, msinisumbue tena."

Nikakimbilia kwa Gerald, fundi wangu.

"Dawa ni sailensa mpya," akasema.

"Nguvu ya gari itapungua, mwanangu."

"Basi tuijaze hii hii. Ndani tunarudishia bomba la matundu. Pembeni yake panashindiliwa pamba maalumu, inanyonya sauti."

"Unayo?"

"Mpaka uagize Dar."

Na mashindano ni kesho.

Singida tuna kitu gani cha kumwaga? Alizeti. Ukishaikamua mafuta unabaki na nini? Mashudu. Makavu, mepesi, yanashindilika vizuri. Wenzetu wanawapa ng'ombe, sisi tukaona mbali zaidi.

Anastazia akatuletea nusu gunia kutoka stoo ya kwao.

"Mathayo, hii itafanya kazi kweli?"

"Mpenzi, hii ni sayansi."

Kesho yake kipimo alikishika Klara, dada anayetegesha spika za kwaya parokiani. Anakiweka nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa upande kidogo, halafu unakanyaga mafuta na kuushikilia mguu hapo hapo. Gari la rafiki yangu Joshua lilipiga mia na tatu. Likageuzwa, yeye huku akilaumu upepo.

Zamu yangu ikafika.

"Themanini na nane," Klara akasema. Akapima tena. Themanini na nane. Akainama kuchungulia bomba. "Umeweka nini humu?"

"Nidhamu."

Mzee Simeoni alikuwa amesimama pale pale na fimbo yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akalizunguka gari taratibu. "Kumbe una akili, kijana."

Nusura nilie. Nilishaanza kuchagua rangi ya sare za harusi.

Mzunguko wa kwanza, raha tupu. Wa pili, nikasikia harufu ya kitu kinakaangwa. Nikadhani ni mama ntilie amefungua biashara pembeni.

Wa tatu, PAA!

Bati la sailensa likafumuka. Mngurumo ukarudi wote pamoja na riba, na mashudu ya moto yakaanza kumwagika nyuma yangu, yamekaangika safi, yananukia.

Nikatazama kioo. Ng'ombe.

Kundi zima la Mzee Simeoni, lililokuwa likila mabua shamba la jirani, lilikuwa limekata utepe wa kuzungushia uwanja na kuingia njia ya mashindano. Nikaongeza mwendo. Kadiri nilivyokimbia ndivyo mashudu yalivyozidi kudondoka, na ndivyo wao walivyozidi kunipenda.

Bendera nyekundu. Mashindano yakasimama. Fahali mmoja akaja kulamba kioo cha dirisha langu, tunatazamana.

Klara akaja na kipimo chake. Mia na kumi na moja. Alilazimika kupiga kelele ili niisikie namba.

Mzee Simeoni akaokota mashudu chini, akayapuliza, akanusa, akaonja. Kisha akamgeukia binti yake. Anastazia akawa anakagua viatu vyake.

"Haya ni yangu," mzee akasema. Akaondoka bila kuniangalia.

Hapo sitanii, niliumia. Nilimpoteza Anastazia mbele ya kadamnasi, kwa ujanja wangu mwenyewe, huku nikilambwa.

Siku tatu baadaye nikajikaza kwenda kuomba radhi. Sailensa bado mbovu, naunguruma njia nzima. Sijafika hata kwenye kona ya kwao, nikasikia miti ya zizi inavunjika.

Walikuwa wameujua ule mlio. Kwao ulikuwa kengele ya chakula. Wakalizingira gari, wakaanza kunusa bomba kwa zamu.

Mzee akatoka nje. Akatazama zizi lake, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka.

"Kipimo cha yule binti ulikidanganya. Hiki hapa hukiwezi. Siku utakayopita hapa na ng'ombe wangu hata mmoja asiinue kichwa, mlete mshenga wako."

Nikaenda kufunga sailensa mpya. Ya kweli, yenye pamba ya kweli.

Jumapili nikapita polepole pale zizini, jasho linanitoka. Mzee yuko kwenye kigoda, kama jaji. Ng'ombe wanacheua. Ndama mmoja akainua kichwa, roho ikanipasuka. Akafukuza nzi sikioni, akakirudisha chini.

"Huyo hahesabiki," mzee akasema. "Mshenga aje Jumamosi."

Na ile nguvu ya gari niliyoogopa itapungua? Iko vile vile. Miaka yote ile nilikuwa nakimbiza kelele tu.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukitaka kudanganya kipimo, hakikisha kwanza hakina pembe.