Nyongo ya Trauti

Mama alipotoka hospitali baada ya kuugua kifua, mdomo wake ulikuwa umekufa. Uji ni karatasi, alisema. Ugali ni ukuta. Nilitia chumvi, nikatia ndimu, pilipili nikaitia kwa hasira. Alimeza kijiko kimoja kwa kunistahi, kisha akageuzia uso dirishani. Mifupa ya mabega ikaanza kuchomoza chini ya khanga. Daktari akasema asipoanza kula, Jumatatu anarudishwa wodini kuwekewa mpira wa kulishia, upitishwe puani. Nilimtafsiria mama kutoka Kiingereza. Akajibu kwa sauti ndogo, "Mwambie sitaki mpira. Nitakufa hivi hivi."

Nilimwambia daktari kwamba mama anashukuru.

Kazi yangu ni kulisha wazee wa watu, katika nyumba ya kutunzia wazee huko Wembley. Hata wale wanaowatemea wenzangu, kwangu wanakula. Halafu mama yangu mwenyewe ananishinda! Nilikasirika kuliko nilivyohuzunika, na hasira yenyewe sikujua nimwelekezee nani.

Ijumaa mchana akatamka, bila kuulizwa, "Labda samaki. Lakini si hao wenu waliolala." Sisi ni watu wa Mwanza. Samaki akishapitisha usiku amelala, na wa madukani hapa, juu ya barafu yao, mama anawaona wamelala wiki nzima.

Kwenye mfereji nyuma ya fleti zetu watu huvua samaki, wakampiga picha, nusura wambusu, wakamrudisha majini. Ukimtia mfukoni unatazamwa kama mwizi wa watoto. Kwa hiyo Jumamosi nilipanda treni mpaka mwisho wa laini, kisha basi, nikafika kwenye bwawa la kulipia, ambako unakodi fimbo ya kuvulia na ukipata samaki wao, trauti, unaenda naye nyumbani.

Ilikuwa mwezi wa tatu, jua la kutazama tu. Vidole vilikufa ganzi kabla sijafunga ndoana. Wazungu waliokuwa kando yangu walivuta samaki mmoja baada ya mwingine, nami nikawachukia wote. Simu ikalia. Alikuwa binti yangu, niliyemwachia kazi ya kumtunza bibi yake.

"Mum, Bibi's not having it. Amesukuma bakuli."

"Mwambie nakuja na samaki."

"You got one?"

"Mwambie tu!"

Sikuwa na kitu. Boya lilipozama mara ya kwanza nilivuta kwa pupa, ndoana ikarudi tupu, nikatukana kwa Kisukuma. Jua lilikuwa limeanza kushuka lilipozama tena. Safari hii nilijizuia, nikamwacha ameze, nikamvuta polepole huku nikiomba Mungu kwa sauti. Alikuwa trauti wa madoadoa, mnene, anapigapiga majani.

Mhudumu wa bwawa akaja na kisu, mkarimu kabisa. "Head off, love?"

"No!" Nilimkumbatia samaki na maji yake yote. Mama angemtambuaje bila kichwa, bila macho na mashavu?

Nyumbani mama alifunua shavu la samaki kwa kidole, akaona wekundu. "Huyu hajalala," alisema. Akaomba kiti, akakaa kando ya sinki anisimamie, maana mikono yake haikuwa na nguvu ya kushika kisu.

"Anzia chini. Kata juujuu. Hapo mbele kuna nyongo."

"Naijua, mama."

"Hujui kitu. Taratibu."

Vidole vyangu vilikuwa havijapata joto bado. Binti yangu alisimama mlangoni, ananiangalia. Kisu kikateleza. Maji ya kijani yakatoka, yakaenea tumboni mwa samaki.

Maisha yangu yote nimesema mambo yametumbukia nyongo, nikizungumzia viza na ndoa za watu. Sasa nilikuwa naiona kwa macho. Nilikata palipoharibika, nikaosha kwa chumvi na ndimu, nikaosha tena, nikampika kwa nyanya na kitunguu kwa sababu hapakuwa na mwingine, na Jumatatu ilikuwa inakuja. Nilipoonja nilitema. Nikabeba sufuria kwenda kumwaga.

"Lete," mama akasema.

"Mama, ameingia nyongo. Haliki."

"Nimesema lete."

Nilimpakulia kipande kidogo, nikachambua miiba. Akakitia mdomoni, akatafuna mara moja, akaacha. Uso wote ukajikunja.

"Mum, she's gonna be sick."

Nikamkingia bakuli atapikie. Akausukuma mkono wangu, akameza. Kisha akanitazama, ananitazama kweli, kwa mara ya kwanza tangu atoke wodini.

"Chungu," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Chungu!" Sauti ilikuwa ile yake ya zamani, ya kutuitia jikoni tulipokosea. "Nimekwambia taratibu! Ni mtu gani, umri huo, hajui kutoa nyongo?" Akagusa midomo yake kwa vidole. "Nausikia uchungu. Mpaka kwenye koo nausikia."

Nilianza kulia hapo hapo, na kijiko mkononi. Mama hakunijali. Alivuta sahani upande wake, akachukua kipande kingine, akakunja uso, akanitukana tena, akala.