Nyoka wa Jirani

Juzi hapa Bweranyange nilikuwa dukani kwa mfanyabiashara mmoja aliyetoka pwani, nangoja kukatiwa marikani ya kanzu. Akaingia jirani yake, mama mmoja na binti zake wawili. Wasichana wakamwamkia, "Shikamoo." Mama akauliza kwa upole, kama mtu aliyepotelewa na mbuzi:

"Bwana, nyoka wetu hajapita huku?"

Nyoka wao! Nikaangalia chini ya miguu yangu.

Mwenye duka akacheka, akanyanyua fimbo yenye damu. "Nimemuua asubuhi."

Mama akashika kichwa. Wasichana wakaangua kilio.

"Hakuwa na sumu yule!" akasema mama. " Tulimpangia mawe kibanjani, kwenye migomba, apate pa kukaa. Watoto walikuwa wakimtazama kila siku akiota jua. Ndiye aliyekuwa akitumalizia panya!"

"Nyoka ni nyoka," akasema mwenye duka, akashusha jora la marikani na kulikunjua mbele yangu. Panya walikuwa wamelitoboa mkunjo kwa mkunjo.

Nyoka siwapendi, wasomaji wangu, lakini ile ilikuwa kanzu yangu.

Mwenye duka akaiweka fimbo chini polepole, akainama juu ya meza, akanong'ona:

"Mama, hakuacha ndugu?"